Kwenu Wapi?

Kampuni ya umeme ilitaka mashine ya kupokea simu za wateja, tena yenye kujibu kwa Kiswahili cha Goma. Adalbert, mkuu wa kampuni ya ushauri wa teknolojia, aliahidi mashine hiyo kabla hajajua kama inawezekana kuitengeneza. Ndivyo kazi yao inavyofanywa: unamwambia mteja ndiyo, halafu unakwenda kuwatesa mafundi wako.

Fundi mwenyewe alikuwa Deborah, binti wa mtaa wa Majengo. Siku ya kumwonyesha mteja ilipofika, mashine ilijua kusoma maandishi kwa sauti tamu, lakini kumwelewa mtu, hapana. Adalbert akamkalisha Deborah chumba cha nyuma na kompyuta.

"Leo tu," akamwambia. "Weye utasikiliza na kuandika. Mashini itasema."

Mkurugenzi wa umeme akapiga simu, akajifanya mama aliyekatikiwa umeme. Deborah akaandika maneno ya yaya wake, yaani dada yake mkubwa, Ernestine, aliyekuwa akipokea simu katika kampuni hiyohiyo: "Pole, mama. Hata kwetu kuko giza."

Mkurugenzi akacheka hadi akafuta machozi. Mashine yenye kwao! Akatia sahihi palepale. Wiki haikuisha, wanawake wote wa simu wakafukuzwa, Ernestine akiwamo, yeye aliyemsomesha Deborah hadi chuo kikuu kwa kazi hiyo.

Na "leo tu" ikawa kila siku. "Ukifungua kinywa," Adalbert alimwambia, "contrat ya umeme imekufa, na bulo yako pia, hutakuwa na kazi." Nyumbani sasa walikula kwa kazi ya Deborah peke yake. Alijichukia, akanyamaza hata mbele ya dada yake.

Asubuhi moja simu ikaingia: Majengo hakuna umeme tangu jana. Vidole vya Deborah vilikuwa vimezoea, vikaandika kabla masikio hayajaitambua sauti. "Pole, mama. Hata kwetu kuko giza."

Upande wa pili Ernestine akasema polepole, "Hayo ni maneno yangu. Weye uko mutu ao mashini?"

Adalbert, aliyekuwa akipita, akasimama nyuma ya kiti.

"Kama uko mutu, niambie. Kwenu wapi?"

Deborah akaandika Majengo. Akalitazama neno hilo, akalifuta. Mashine ikasema kwa sauti yake tamu, "Sikuelewa ulizo lako. Rudilia, tafadhali."

Ernestine akakata simu. Adalbert akampigapiga Deborah begani. "Muzuri. Mashini ya kweli ingejibu vile vile."

Jioni walikula gizani. Ernestine akampakulia mdogo wake sombe, mboga ya majani ya muhogo, kwanza, kama siku zote.

"Leo nilipigia ile mashini," akasema. "Nilikuwa nawaza kuko mutu wamefungia mule, nikamuonea huruma. Nikaiuliza kwao ni wapi." Akacheka kidogo. "Hakuna mutu mule."

Deborah akameza tonge lake.

"Hakuna, yaya," akasema. "Hakuna mutu."