Goti la Kushoto

Siku Maneno alipoondoka nilimsindikiza kutoka Mgeta hadi stesheni ya Morogoro, na njia nzima nilimtukana. Ilikuwa haki yangu. Ukoo wetu na ukoo wake ni watani, na mtani ndiye anayemwigiza marehemu siku ya kuondoa matanga, ili wafiwa wacheke na msiba uishe.

Kazi hiyo hakuna aliyemzidi Maneno. Alipomwigiza marehemu Andrea, mwalimu wa dini, alivyokuwa akikohoa kabla ya kila sala, mjane alicheka mpaka akashika ukuta. Siku hiyo alikuwapo Mmarekani mmoja, mwigizaji wa majukwaa ya kwao, aliyekuja na mashine ya picha zinazotembea. Wajerumani wa boma walikuwa wamempa kibali cha kupiga picha za milima. Yeye akampiga picha Maneno. Baada ya wiki tatu akataka kwenda naye kwao.

"Ukifa huko nani atakuigiza, mzoga wewe?" nilimwuliza treni ilipopiga king'ora.

"Wewe, mtani. Ila usikosee goti. Ni la kushoto."

Goti hilo aliliumiza mteremkoni akiwa na tenga la viazi kichwani, na tangu hapo alichechemea. Alisema atarudi mahindi yakikauka.

Mahindi yalikauka mara tatu. Siku za treni sikukaa shambani. Nilikuwa nashuka, nalala kwa shangazi huko Mlali, asubuhi nasimama stesheni nikitazama magoti ya watu.

Kisha barua ikafika misheni. Padre alitusomea, mimi, mama yake Bibi Regina, na dada yake Paskalia. Mmarekani aliandika kwamba Maneno alikuwa akicheza naye jukwaani, akiigiza mjumbe wa mfalme anayechomwa mkuki, kila jioni kwa miezi saba. Wakati wa baridi kali alishikwa na kifua, akafa. Hapo nilitoka nje.

"Mtu anakufa kila jioni halafu anaamka kula," nilimwambia Paskalia aliponifuata. "Huyo Mmarekani amejuaje kwamba hii ndiyo yenyewe?"

Mtoto wa Paskalia alikuwa na wiki sita, hana jina. Alipaswa kurithi la mjomba wake, lakini jina la marehemu halitolewi kabla ya kuondoa matanga, na matanga yalinisubiri mimi.

"Cecilia, mwanangu anaitwa 'wewe'," Paskalia alikuwa akinijia kuniambia. "Unamkomoa nani?"

Kumwigiza Maneno kulikuwa kumzika.

Siku moja kabla ya treni iliyofuata Paskalia alinisimamia njiani, mtoto mgongoni.

"Ulitoka Padre hajamaliza. Mmarekani anasema siku ya mwisho Maneno alimpa ujumbe kwa mtani wake. Hakuuelewa, ameuandika tu: ni la kushoto."

"Mbona hukuniambia?"

"Tulidhani ni homa iliyokuwa ikisema. Jana nikakumbuka alivyokuwa akitembea."

Nilikaa juu ya jiwe mpaka jua likazama. Sikushuka.

Jumapili niliingia uani kwa Bibi Regina nikichechemea, tenga kichwani, nikimtukana kila niliyemkuta. Bibi alitazama goti kwanza. Halafu akacheka, akajifunika uso kwa nguo.

Mtoto anaitwa Maneno. Siku za treni nipo shambani, napalilia.