Sifuri ya Ghuba

Mimi si mtu wa makelele. Naoka mikate, naamka kabla ya jogoo, na mtu wa namna hiyo hana nguvu za kugombana. Lakini siku ile shemeji yangu alipochora sifuri kwenye ubao wa shule, mbele ya neno Ghuba, damu ilinipanda hadi masikioni, na mpaka leo haijashuka yote.

Kila majira ya baridi sisi wa kisiwani tunahesabu ndege. Hatulipwi. Tunapewa chai na kuambiwa asanteni. Tunagawana pwani wawili wawili na kusubiri maji yajae, maana maji yakijaa ndege wanakosa tope la kudonoa, wanasongamana ufukweni, na hapo ndipo wanahesabika. Kila mtu ana kibonyezo, kile kidude cha chuma kinacholia tik na kuongeza namba moja kila ukikibonya. Mwaka huu ofisi ya kivuko ilitugawia vipya, vyenye nembo yake mgongoni. Ni mwiko kumwambia mwenzio umepata ngapi. Idadi unaitaja mchana darasani, mbele ya watu wote, na wenzi wakitofautiana sana wanarudi kesho yake kuhesabu upya, hao hao wawili, hata kama hawasemeshani.

Na kuna jambo ambalo hata mtoto wa hapa analijua. Sifuri na mstari si kitu kimoja. Sifuri maana yake nilitazama vizuri, ndege hakuna. Mstari maana yake sikuweza kuona.

Siku ile mimi na mume wangu tulikuwa ghubani kama kawaida yetu, na ukungu ulikuwa mzito hata viatu vyangu sikuviona. Darubini tulizibeba bure. Tulikaa juu ya jiwe letu tukipokezana chai kwa kifuniko cha chupa, na mbele yetu, ndani ya ule weupe, ndege walikuwa wakipiga kelele kama darasa lililokosa mwalimu.

Mume wangu aliinua kidole. "Sululu hao, wale wa midomo iliyopinda. Na vitwitwi kule nyuma. Wengi mno."

Ana masikio ya ajabu. Yeye ndiye aliyenifundisha sauti zao tulipokuwa wachumba, na sina hakika nilimpenda yeye au masikio yake.

"Basi tutasema mstari," nikamwambia.

Aliinua kola ya koti, akageuza uso. Nilidhani ni baridi.

Darasani tulikaa kwenye viti vya watoto, magoti yakigusa videvu, makoti yakinuka maji. Miaka yote chaki ilishikwa na mwalimu mstaafu. Mwaka huu miguu ilimshinda kusimama ubaoni, chaki akapewa shemeji yangu, kaka wa mume wangu, mkubwa wa ofisi ya kivuko. Huyo huyo ndiye aliyenunua boti za kasi za kuwatembeza wageni, na boti zimelala chini ya turubai kwa sababu ghuba hufungwa majira ya baridi kwa ajili ya ndege. Baraza la kisiwa lilishatamka kwamba ndege wakikosekana mwaka huu, ghuba itafunguliwa. Yaani fisi amekabidhiwa bucha, na sote tukapiga makofi.

"Ghuba?" akaita.

"Mstari," nikasema.

"Sifuri," akasema mume wangu.

Alisema huku akitazama vidole vyake. Shemeji hakushangaa hata kidogo. Chaki ilikuwa imeshagusa ubao, na alichora ile sifuri kwa raha, kubwa kama sahani.

"Futa," nikasema.

"Shemeji, wewe uliona ndege?"

"Sikuona hata pua yangu! Ndiyo maana nimesema mstari. Lakini tuliwasikia."

"Tungekuwa tunahesabu kwa kusikia, si tungebaki vitandani tukafungua madirisha?"

Watu wakacheka. Watu wanaokula mkate wangu kila siku iendayo kwa Mungu. Mpeleka barua alitazama ndani ya kikombe chake kana kwamba kuna barua humo. Mwalimu mstaafu alijishughulisha na kifungo cha koti lake. Hakuna aliyekuwa haijui tofauti ya sifuri na mstari, na hakuna aliyesema. Niliinuka, nikaifuta ile sifuri kwa kiganja, nikachora mstari mrefu mpaka chaki ikavunjika.

Shemeji alitabasamu, tabasamu lile la dirisha la tiketi. "Haya, wametofautiana. Watarudi kesho." Akampiga mdogo wake begani. "Wanasema mla nawe hafi nawe, eti?" Hakumalizia. Sote tunajua methali inavyomalizika: ila mzaliwa nawe.

Nyumbani sikungoja hata tuvue viatu.

"Amekuahidi nini?"

"Boti ya kwanza. Niwe nahodha wake."

"Kwa hiyo umewauza ndege kwa usukani!"

"Kiwanda cha samaki kimefungwa," alisema, "na tangu siku hiyo nabeba magunia yako ya unga. Sokoni naitwa mume wa Mama Mikate. Kila tonge ninalomeza najua nani amelikanda. Unajua hilo linavyokaba?"

Nilikuwa sijui. Nilimwonea huruma, na ile huruma ikanizidishia hasira, kwa sababu nilitaka kumchukia vizuri bila kuingiliwa.

"Ungeniambia," nikasema. "Tungegombana, ndiyo. Lakini ningegombana na mtu mkweli. Umenifundisha sauti za ndege wale mwenyewe, halafu unasimama mbele ya watu unasema hawapo!"

Alikwenda kulala bila kula. Mkate niliuacha mezani makusudi.

Asubuhi ukungu ulikuwa umeondoka. Tulifika jiweni bila kusemeshana, yeye upande huu, mimi ule. Maji yakajaa, na ufukwe wote ukawa migongo ya ndege, kahawia, kijivu na nyeupe, wakisukumana na kusogea. Mwenye macho haambiwi tazama. Nilianza kubonya, tik, tik, huku nikisikiliza upande wa pili. Kimya. Nilimtazama kwa pembe ya jicho. Darubini ilikuwa usoni, lakini kibonyezo cha kivuko amekiweka chini juu ya jiwe, na mkono mmoja unatangatanga mifukoni, kama mtu anayesubiri kinyozi. Nilihesabu kundi zima na sikusikia tik yake hata moja. Nilitamani kumsukuma baharini. Kilichonizuia ni kwamba angewatisha ndege.

Tulirudi kwa njia mbili tofauti.

"Ghuba?" akaita shemeji. Darasa lilikuwa limejaa kuliko jana, maana ugomvi wa mke na mume hauhitaji tangazo.

"Elfu mbili na mia tatu," nikasema.

Hakuandika. Alimgeukia mdogo wake, chaki ikiwa tayari. "Na wewe, mzaliwa mwenzangu?"

Mume wangu alisimama. Akaweka kwanza kibonyezo mezani. Kilikuwa kinaonyesha sifuri. Kisha akaingiza mkono mfukoni, akamwaga kokoto juu ya meza, zikalia na kuviringika, mbili tatu zikaanguka sakafuni.

"Kokoto moja kwa kila ndege mia," alisema. "Unahamisha kutoka mfuko huu kwenda huu. Mama alituhesabisha hivyo mimi na wewe, kaka, kabla ya vibonyezo vyako. Zihesabu."

Shemeji alizihesabu. Alizihesabu mara mbili, mshenzi, akitumaini zitapungua. Akaokota na zile za sakafuni.

"Elfu mbili na mia saba," alisema kwa sauti ndogo.

"Mama Mikate amewasahau waliolala nyuma ya mwamba," akasema mume wangu. "Kila mwaka anawasahau."

Watu wakacheka tena, wale wale, na mpeleka barua ndiye aliyecheka zaidi. Sikuwaangalia. Nilimwangalia shemeji akiandika ile namba, tarakimu moja baada ya nyingine, mkono mzito kama anaandika talaka.

"Usukani nitampa mwingine," alimwambia mdogo wake bila kugeuka.

"Najua."

Nje upepo ulikuwa mkali. Tulitembea ufukweni hadi nyumba za mwisho.

"Umefurahi?" aliniuliza.

"Bado nina hasira na wewe."

"Najua."

"Jana uliwasikia. Uliwasikia kuliko mimi, ukasema sifuri mbele yangu."

"Nilisema." Kisha akajaribu bahati yake. "Hasira yenyewe ni kiasi gani?"

Sikucheka. Nilivuta mfuko wa koti lake, nikaufungua, mtupu, na kumwonyesha changarawe iliyojaa chini ya miguu yetu.

"Okota," nikamwambia. "Nitakuambia zikitosha."

Akainama, akaanza kuokota.