Kambi Chuma Juu ya Sinia

Damu ya Gerishon ilimwagikia mchuzi wa kuku kwenye sinia, na mimi sijuti. Lakini mambo yalianza kwa kicheko.

Ilikuwa Ijumaa mchana, siku yetu ya kupumzika. Sisi walinzi tunakaa kwenye villa moja kuukuu hapa Al Thumama, ughaibuni, ndege zikipita juu ya paa mpaka masufuria yanatetemeka. Jikoni tulikuwa watatu. Mimi Joram. Omondi, dereva wa tangi la maji, mtu wa Kisumu. Na Gerishon, aliyehamishiwa chumba chetu wiki ile kutoka lindo la maghorofa ya The Pearl. Kijana wa kaunti yetu huyo, akiniita mzee wa nyumbani. Nilikuwa nimempenda.

Omondi akamchokoza. "Hiyo Kambi Chuma yenu, ni mji ama ni zizi la mbuzi?"

"Buda, heshima! Hayo ni makao makuu ya kaunti."

"Yalikuwa," nikasema.

Gerishon akavuta sinia katikati ya meza. Akausukuma ugali upande mmoja, akaufinyanga kwa kiganja.

"Huu mlima ndio Kambi Chuma. Wazungu walipandisha vyuma vya reli hapa kwa punda, halafu reli yenyewe ikapita kwingine. Vyuma vikabaki, wahenga wakajengea maduka. DC akaja, akapanda mikaratusi, akajenga jela."

"Na shule?" Omondi akauliza.

"Shule ilingoja miaka ishirini. Jela haikungoja."

"Na hospitali," nikasema. "Hiyo haikujengwa na DC. Baba zetu walibeba mawe kutoka mtoni, kichwani."

Gerishon akachora mfereji katikati, mchuzi ukapita. Huo mto Sirwa. Akalaza kijiko juu yake. Hilo daraja, na hakuna jingine mpaka leo. Ng'ambo akaweka kitunguu.

"Hapa Soko Jipya. Zamani palikuwa na vyura na mahindi tu. Ugatuzi ulipokuja, gavana akasema makao makuu yanavuka mto."

"Kumbe ardhi ya huko walishainunua yeye na shemeji zake," nikasema. "Na walianza na wodi ya akina mama. Vitanda, damu, daktari, vyote vikapelekwa ng'ambo ili yeye akate utepe mbele ya kamera. Huku juu wakatuachia kuta."

"Lakini siku malori yalipokuja kuhamisha ofisi tuliwaonyesha, mzee wangu!" Gerishon akachukua mifupa ya kuku, akaipanga juu ya kijiko. "Mheshimiwa wa wadi yetu alitununulia chang'aa na matairi ya kuchoma. Mawe tukayatoa mtoni. Daraja tukalifunga alfajiri, hata nzi hakuvuka! Ikaja Probox moja inapiga honi kama imepagawa. Jamaa ndani anapiga kelele ati ana mgonjwa. Mgonjwa wapi! Tukajua ni mafaili wanavusha kijanja. Mimi mwenyewe nilivuta jiwe, kioo cha mbele kwisha! Ikarudi kinyumenyume kama kaa."

Akanitazama ili nicheke naye. Mimi ni wa mlima wake. Alidhani ananipa zawadi.

"Ilikuwa ya rangi gani?" nikauliza.

"Nyeupe. Mlango mmoja wa bluu."

Mlango ule wa bluu shemeji yangu aliununua kwa fundi wa vyuma vikuukuu. Mimi nilikuwa kiti cha nyuma, kichwa cha Millicent kwenye mapaja yangu, damu yake imeshafika miguuni pangu. Vipande vya kioo vilimwangukia kwenye nywele. Nilikuwa nikivichomoa kimoja kimoja alipokata roho, tulipofika mikaratusi ya DC tukirudi. Mtoto hakutoka.

Nilimpiga Gerishon kwa mwiko wa mvule, mdomoni. Meno mawili yakaangukia ugali. Akainuka, nikamshika nywele nikamgongesha uso kwenye sinia, nikamvuta mpaka kwenye jiko la gesi. Mafuta ya mandazi ya jioni yalikuwa yakitokota kwenye karai. Nikauelekeza uso wake pale, ngozi ya shavu ikaanza kutoa malengelenge kwa mvuke tu.

"Mzee Joram! Utamuua!" Omondi alinikumbatia kiuno, nikamrudisha nyuma kwa kiwiko.

"Yule mgonjwa alikuwa mke wangu," nikamwambia Gerishon sikioni.

Akalegea. Hakupigana tena. "Mheshimiwa alisema kila gari..."

"Alikuwa wapi?"

"Nani?"

"Mheshimiwa wako! Mlipofunga daraja, yeye alikuwa wapi?"

"Ng'ambo," akasema, damu ikimtoka puani. "Alikuwa ameshavuka. Walimpa ofisi huko."

Hapo ningemzamisha. Uso ulikuwa pale pale, mafuta pale pale. Lakini mwenye mkono wa kununua chang'aa alikuwa kwenye kiti cha ngozi ng'ambo ya Sirwa, na huyu wangu alinuka jasho la lindo kama mimi.

Nikamtupa chini. Nikaushika mkono wake wa kulia, ule wa jiwe, nikauweka juu ya kizingiti cha mlango na kuukanyaga kwa buti. Ulilia kama kuni kavu. Alipiga ukelele uliowatoa watu vyumbani.

Mudiri, msimamizi wa villa, alikuja na polisi wawili. Walitazama damu ukutani, mimi na buti langu. Omondi alitazama dari.

"Nani amefanya hivi?" mudiri akauliza.

Gerishon alikuwa amekaa chini, mkono umemning'inia. "Nimeanguka, boss," akasema. "Mafuta yalimwagika, nikateleza."

Akaniangalia. Alitaka tulingane hapo. Ningenyamaza, ningebaki na kazi yangu, na yeye angelala kitanda cha chini ya changu akijua amenilipa.

Tangu Millicent azikwe nimeuliza. Gavana alisema waulize vijana. Mheshimiwa alisema muulize gavana. OCS wa kituo cha polisi alisema hakuna aliyeonekana. Mji mzima wenye jela kongwe kuliko shule, na hakuna mtu hata mmoja aliyewahi kufungua kinywa akasema ni yeye.

"Hakuanguka," nikamwambia mudiri. "Mimi nimemvunja."

Nikatoa mikono ifungwe pingu.