Walioposwa na Korongo

1.

KLABU YA KORONGO, MJI WA CALDER
Historia ya Chaguo la Raundi ya Kwanza
(Walinzi)

1978. Garland Tubbs. Misimu sita. Alistaafu.
1985. Otis Brandvold. Misimu minne. Alistaafu.
1986. Chaguo liliuzwa kwa klabu nyingine.
1993. Leon Pruitt. Misimu minane. Alistaafu.
2004. Desmond Ackley. Misimu mitatu. Alistaafu.
Mwaka huu:

2.

Wote walistaafu. Hata huyo wa misimu mitatu, kijana wa miaka ishirini na mitano, eti naye alistaafu. Mimi nahudumia wazee hapa Ohio, huu mwaka wa kumi na saba, na wastaafu nawajua. Mstaafu ni mtu wa kulalamika kwamba supu imepoa.

Naitwa Wakesho. Ni mama yake Righa Mwadime. Wewe unayesoma, kama huijui futiboli ya Wamarekani usione haya, hata mimi ilinichukua miaka. Mpira una umbo la yai, na mguu hauugusi ila mara moja moja. Kazi ya mwanangu ni kumkimbilia mwenye mpira na kumwangusha, na anaijua kazi yake. Kila Aprili klabu kubwa hukutana, na kwa zamu kila moja huchagua kijana kutoka vyuo vikuu. Zamu ya kwanza ndiyo raundi ya kwanza. Ukichaguliwa hapo, jina lako halitoki tena kwenye orodha.

Mwaka huu Korongo wanamtaka mwanangu.

3.

TAARIFA KWA FAMILIA

Mpendwa Mzazi/Mlezi,

Klabu inapenda kukujulisha kwamba, kwa mujibu wa utaratibu wake wa kawaida, maofisa wake wamezungumza na walimu, makocha, majirani na kiongozi wa dini wa kijana wako kuhusu tabia na mwenendo wake. Wiki moja kabla ya siku ya uteuzi, daktari wa klabu atakupigia simu kwa maswali machache ya kiafya. Unaombwa kujibu kwa ukamilifu.

Tunathamini ushirikiano wako.

4.

Walimhoji mpaka mchungaji. Jirani yetu walimwuliza kama Righa huwa anasalimia watu. Nilimweleza shemeji yangu Mwandoe, aliyeko Wundanyi, naye akanitumia ujumbe wa sauti. Huu hapa, neno kwa neno:

"Shemeji, hao wamekuja posa. Mtu haulizii nyumba yako bure, anataka kuchukua mtoto. Sasa wewe umeulizia kwao? Nyumba usiyolala ndani huijui ila yake. Watafute hao waliotangulia kuchukuliwa, uulize wanaishije. Usimtoe mtoto hivi hivi tu."

Nilicheka. Mwandoe hajautazama mchezo huu hata dakika moja, anadhani Righa ni golikipa. Halafu nikaona amesema kweli. Kwetu Taita mtoto akija kuposwa, nyumba zote mbili huchunguzwa, na mimi nilikuwa nimekaa kama mtu asiye na kwao, nikijibu maswali tu.

Nikachapisha ile orodha. Nikaanza kupiga simu.

5.

Tubbs.

Alipokea binti yake. Baba alifariki akiwa na miaka hamsini na mitatu. Mwaka wa mwisho alikuwa akiweka viatu kwenye friji, halafu anawagombeza watu wa nyumbani kwa kumwibia. Binti alinieleza hayo kwa upole kabisa, akaniomba radhi, alikuwa anakwenda kumchukua mtoto shuleni.

6.

Brandvold.

Mkewe alisema yupo, akampa simu. Nikajitambulisha. Tukaongea vizuri kuhusu mvua. Akaniuliza mimi ni nani. Nikajitambulisha. Akaniambia kwao mvua imenyesha. Akaniuliza mimi

7.

Chaguo liliuzwa kwa klabu nyingine.

8.

Ackley alipokea mwenyewe. Ana karakana ya matairi, na kelele za mashine zilikuwa nyuma yake. Nisikufiche msomaji, huyu ni mzima. Alisema goti lake ni bovu lakini kichwa ni salama, na kwamba ile misimu mitatu ndiyo siku bora za maisha yake. Leo hii wakimwita, atafunga duka aende. Nimwambie kijana asiogope.

Nimeliandika na hilo. Kuulizia nyumba si kutafuta mabaya peke yake.

9.

Mambo ninayoyajua mimi, na Korongo hawayajui:

a) Akiwa na miaka kumi na sita, uwanja wa shule. Aligongwa akazirai. Alipoinuka aliniuliza baba yuko wapi. Baba yake tulikuwa tumemzika miaka mitano nyuma.

b) Mwaka wa pili chuoni, baada ya mechi. Alitapika mara nne garini mwangu. Kocha alimwambia ni soseji.

c) Novemba iliyopita. Jumamosi aligongana kichwa kwa kichwa na mwenzake. Jumapili alikuwa ananiendesha kwenda kanisani, barabara tunayoipita tangu tuje nchi hii. Alisimama njia panda akanitazama. "Mama, ni kushoto au kulia?"

Siku hiyo hatukufika kanisani. Tulikaa ndani ya gari, akanishika mikono yote miwili, akaniomba nisimwambie mtu. Alisema ni mpaka Aprili tu, akishachaguliwa atakwenda hospitali mwenyewe.

Nikakubali.

Usinitazame hivyo. Soma kwanza namba kumi.

10.

KLABU YA KORONGO. HOJAJI YA MCHEZAJI.
Jina: Righa Mwadime

Swali la 31. Kwa nini unataka kucheza mchezo huu?

Baba yangu alifariki nikiwa na miaka kumi na mmoja. Niliacha kusema. Si kwamba nilikataa, maneno yalikuwa hayaji. Nilikaa hivyo miezi saba. Mama alinipeleka kwa madaktari, alinipeleka kwenye maombi, akaniimbia nyimbo za kwetu jikoni. Halafu kocha wa mtaani akanivalisha helmeti iliyonipwaya akanituma uwanjani. Nilimwangusha mtoto mmoja mkubwa kuliko mimi, na nikapiga kelele. Ndiyo ilikuwa sauti yangu ya kwanza tangu mazishi. Mama alikuwa pembeni ya uwanja, aliketi chini kwenye nyasi akalia.

Sijui nikicheza kitu kingine nitakuwa nani.

11.

Pruitt.

Nilimweka wa mwisho kwa sababu namba yake ilikuwa haishiki. Iliposhika, alipokea mama yake, Bi Loretta, ana miaka sabini na minane. Nilipomwambia mimi ni nani na ninataka nini, aliniambia nisubiri afunge mlango.

Leon anaishi naye. Ana miaka hamsini na mitano, na mama ndiye anayemlisha. Hasemi. Ni mwaka wa nne sasa hasemi, hata jina la mama yake halitoki. Bi Loretta aliyasimulia haya bila kulia, kama sisi kazini tunavyokabidhiana zamu. Nilimwuliza kama daktari wa klabu alimpigia wakati ule.

"Alinipigia. Aliniuliza kama Leon amewahi kugongwa kichwa akazirai. Alikuwa amezirai mara mbili, nikiona kwa macho yangu. Nilisema hapana. Mtoto alikuwa anaitaka ile jezi mpaka halali. Miaka ikapita, akaugua, nikaenda klabuni kuomba msaada, wakaniwekea karatasi mezani. Ni lile hapana langu, limeandikwa, na tarehe, wakasema hawadaiwi kitu."

Nilimwambia pole mama, pole sana. Akasema nisimpe pole, nimwambie nitajibu nini wakinipigia mimi.

12.

Daktari wa klabu alipiga Alhamisi, saa nne asubuhi. Nilikuwa kazini, nikatoka nje nikasimama karibu na mapipa ya taka. Sauti yake ilikuwa ya mtu mwema, nilimsikia hata akipekua karatasi. Aliniuliza kuhusu kisukari katika ukoo. Aliniuliza kuhusu pumu, mzio, mifupa. Kisha:

"Mama, kwa unavyojua, Righa amewahi kugongwa kichwa akapoteza fahamu au akachanganyikiwa?"

Msomaji, wahenga walisema mchelea mwana kulia hulia yeye. Mimi huwa nawaambia hivyo kina mama wenzangu kwa mambo ya pipi na simu. Siku hiyo ilinigeukia mwenyewe. Nikikubali, nimeichukua ile sauti aliyoipata uwanjani nikaitupa. Nikikataa, nitakuja kufunga mlango na kupokea simu ya mama mwingine.

Nikasema:

Ndiyo.

Mara tatu.

Nikamweleza (a), (b) na (c). Sikuruka hata soseji.

13.

Jioni ile Righa aliniuliza kama daktari alipiga. Nikasema alipiga. Akauliza ikawaje, nikasema nilimjibu. Akanikumbatia, akaenda kula.

Na hapo ndipo nilipokosea, nalikiri. Nilijua hawatamchukua. Hakuna posa inayoendelea baada ya kuambiwa ugonjwa. Nikajipigia hesabu ya kijinga: watampita, wengine watampita, atalia wiki mbili, hatajua kamwe kwamba ni mimi. Niliogopa uso wake. Nilikuwa nimemwambia kweli mtu nisiyemjua, na mwanangu niliyemzaa nikamficha.

14.

Ukumbi wa uteuzi. Familia kila moja na meza yake. Sisi watu wawili, meza ya sita. Saa kubwa ukutani. Kila klabu hupewa dakika kumi kutaja jina.

Chaguo la saba. Si yeye.

Chaguo la nane. Si yeye.

Chaguo la tisa: Korongo.

Dakika kumi.

Righa ameweka simu mezani, uso juu. Klabu ikikutaka, hukupigia kabla jina halijatangazwa.

Dakika sita.

Mimi nimetulia. Naweza kusema hata nilikuwa na amani, amani ya mtu anayejua ameshaanguka mtihani. Nikamwuliza kama anataka maji.

Dakika nne.

Simu.

15.

TAARIFA KWA VYOMBO VYA HABARI

Klabu ya Korongo inajivunia kumtangaza Righa Mwadime kuwa chaguo lake la raundi ya kwanza, namba tisa kwa ujumla. Klabu imepitia taarifa zote za mchezaji, zikiwemo za kiafya, na imeridhika. Hakuna maswali zaidi yatakayojibiwa kwa sasa.

Mwaka huu: Righa Mwadime.

16.

Wamempandisha jukwaani wamemvika kofia. Wamempa jezi ameiinua juu. Watu wanapiga makofi, na mimi napiga pia, mikono inapiga yenyewe. Nawatafuta kwa macho wakubwa wa klabu pale chini, nikitaka mmoja wao anitazame. Hakuna anayenitazama.

Amerudi mezani anakimbia. Kamera inamfuata. Amenikumbatia mpaka miguu yangu imeacha sakafu, na uso wake wote umelowa. Ameniinamia sikioni.

"Asante, mama. Najua ulivyoumia kusema uongo. Umenisitiri."

Ningeweza kunyamaza. Wewe huenda ungenyamaza, na sikulaumu. Orodha ilikuwa imeshaandikwa, watu wamesimama, na mtoto hajawahi kufurahi hivyo tangu azaliwe.

Nikamshika shingo nikamsogeza karibu.

"Sikusema uongo, Righa. Niliwaambia yote matatu. Wanajua."

Kamera ilikuwa bado mbele yetu, na taa yake nyekundu inawaka, kwa hiyo aliendelea kutabasamu. Alitabasamu muda mrefu. Mwenye kamera alipoondoka kwenda meza nyingine, alikaa kwenye kiti, kofia yao kichwani, jezi yao mapajani, akanitazama kama mtu mzima anavyomtazama mtu mzima.

"Ulipowaambia," akauliza taratibu, "walisema nini?"

"Hawakuuliza kitu. Daktari alinishukuru, akataka nimtajie tarehe ya kila moja, zote za kabla hujawa wao, akaziandika."