Mifuko ya Maua

Wifi yangu hatupi kitu. Pale kwenye karakana ya ushonaji tunamwita Mama Kiraka. Yeye ndiye mkataji, na ole wako ufagie chini ya meza yake kabla hajapita na gunia. Kipande cha upana wa kiganja atakigeuza, atakivuta, atakinyoosha. "Hiki bado kina kazi," husema, na mdomo wake huo hauna breki.

Nilimcheka sana, mpaka siku bosi alipotangaza kwamba bei ya vitambaa inatumaliza, kwa hiyo cherehani moja itauzwa. Yangu, kwa kuwa niliingia wa mwisho. Akaifunika kwa pazia kuukuu lenye maua ya kila rangi, mnunuzi asije akaikuta na vumbi, na mimi akaniweka pembeni nishone vifungo kwa mkono. Nilivimba kwa hasira, na hofu juu yake, maana kazi nyingine siijui.

"Acha kununa, wifi, utajichoma kidole," Mama Kiraka akaniambia, kisha akamgeukia bosi. "Na wewe usinunue kitambaa cha mifuko. Hizi kaptura za shule nitazitilia mifuko kutoka kwenye gunia langu."

"Rangi zitafanana?"

"Mfuko unakaa ndani, bosi. Nani ataufuata huko?"

Aliyeufuata huko ni mwalimu mkuu mwenyewe, mama mmoja mkali, alipokuja kukagua oda yake. Alitia mkono kwenye kaptura ya kwanza, akauvuta mfuko nje: maua. Ya pili: mistari. Ya tatu: madoadoa. Bosi akaanza kuomba radhi. Mimi nikaanza kuiaga cherehani yangu moyoni. Wifi peke yake alisimama kidete, mkasi mkononi, tayari kwa ugomvi.

"Kila moja na mfuko wake?" mwalimu akauliza.

"Kila moja na wake. Na ni imara. Vuta uone."

Mwalimu akavuta. Kisha akacheka mpaka akashika meza. "Mnajua taabu ninayopata bwenini? Kila wakifua, wanagombania kaptura. Zote sare, kila mtoto anasema hii yangu! Sasa kila mmoja ataijua yake kwa mfuko. Nishoneeni za bweni zima."

Bosi akaahidi kila kitu. Mwalimu alipoondoka, wifi akatumbukiza mkono guniani, akaibuka na nyuzi tu. Akaangaza macho huku na huko. Kisha akaenda moja kwa moja kwenye cherehani yangu, akalivuta lile pazia, akalikung'uta na kulitandaza mezani.

"Jamani, hilo si la kufunikia ile ya kuuza?" bosi akasema.

"Hauzwi mtu hapa," wifi akajibu, tayari anakata. "Hiki bado kina kazi. Na huyu naye. Wifi, kaa tushone."

Nilikaa. Machozi yalinijaa hata tundu la sindano silioni, ikabidi anitungie uzi yeye.