Mbio za Jibu, Sababu na Mfano

Mwalimu Kornel alisoma karatasi ya kwanza, akaiweka kando. Akachukua ya pili. Alipofika ya tano, akaacha kusoma.

Ilikuwa mwaka 1954, katika shule ya misheni upande wa Mbekenyera, na mtihani wa darasa la nne ulikuwa umebakiza wiki tatu. Watoto wake waliijua katekisimu vizuri mno. Ukiwauliza kwa mdomo, wanatiririka. Ukiwapa penseli, wanakauka. Swali likisema "Eleza kwa nini", wanaandika mstari mmoja, wanaweka nukta.

Ndiyo maana miezi miwili nyuma alikuwa amebuni mbio. Alitoa nje mbao za kuandikia, akaziegemeza kwenye mikorosho, akawapanga watoto watatu watatu. Swali likisomwa, wa kwanza anakimbia kuandika jibu, anarudi kumpa wa pili chaki. Huyo anaandika sababu. Wa tatu anamalizia kwa mfano kutoka Maandiko. Uwanja ukajaa vumbi na vifijo. Waliokuwa wakisinzia kipindi cha dini wakawa wanafika kabla ya kengele. Hata mwalimu mkuu, Mzee Filbert, asiyependa kelele, alisoma ubao mmoja akasema, "Haya sasa ni majibu kamili."

Basi Kornel akawapa jaribio, kila mtu peke yake, kimya kabisa.

Na matokeo ndiyo haya mezani. Dastani ameandika, "Yatupasa kumsamehe jirani," kisha akaacha mistari mitupu. Karatasi ya Rosa imeanzia katikati: "Kwa sababu na sisi Mungu anatusamehe." Juu hakuna kitu, chini hakuna kitu. Albina ameandika habari za Yosefu na ndugu zake tu.

Akamwita Rosa.

"Jibu liko wapi?"

Msichana akamshangaa. "Analo Dastani, mwalimu."

"Na mfano?"

"Wa Albina. Mimi ni wa pili. Sababu ndiyo yangu."

Hakuwa akifanya mzaha. Kornel akazikumbuka mbio zake. Miezi miwili hakuwabadilisha nafasi hata mara moja, tena ni yeye aliyekuwa akipaza sauti, "Kila mtu ashike nafasi yake!"

Mzee Filbert alizipitia karatasi, akaketi taratibu. "Acha michezo. Warudi kukariri."

"Mchezo hauna kosa, mzee. Kosa ni langu, nilivyowapanga."

"Una wiki tatu, Kornel."

Kesho yake mbao tatu zilisimamishwa mbalimbali, na kila mtoto akakimbia zote peke yake. Rosa alifika ubao wa kwanza akaganda, chaki mkononi, machozi yakimtoka. Hajawahi kuanza. Kornel akasimama karibu naye.

"Anza vibaya, lakini anza."

Wenzake wakangoja, jua likiwachoma, mpaka akaandika.

Matokeo ya mtihani yalipokuja, kati ya watoto ishirini na mmoja, kumi na wanane walikuwa wamefaulu somo la dini. Albina aliongoza. Rosa alipita kwa shida. Dastani alianguka.

Jioni hiyo hiyo Kornel alitembea hadi shambani kwa baba yake Dastani, akamkuta akifunga ufuta.

"Usimchape," alimwambia, hata kabla ya kuketi. "Mimi ndiye niliyemfundisha kuishia mstari wa kwanza."