Simu Ambayo Haijazaliwa

Kompyuta kuukuu ya Beata, isiyo na betri, ilikuwa ikiiga simu ambayo bado haijatengenezwa, ili apime itafungua kurasa za intaneti kwa kasi gani. Kuiga huko kulikwenda polepole mno: ukurasa mmoja ulikula siku nzima, na umeme ukikatika kazi yote inaanza upya. Kesho chuo kinataka majibu.

Ildefonsi akaingia na spika za sherehe ya kipaimara, akainamia soketi.

"Baba mdogo, leo huchomoi kitu!" Beata akaketi mbele ya soketi kama kuku anayeatamia.

"Wageni watacheza nini?"

"Lizombe. Ngoma hazili umeme."

"Kweli," Bibi Ludovika akadakia mlangoni. "Au kiuno kimekufa, Ildefonsi?"

Ildefonsi akatoka akiguna, kwenda kuzikausha ngoma motoni ili zilie vizuri. Beata hakuinuka.